Dizeli Safi Marekani: Nani Ataiamini Tena?

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo juu ya magari na mazingira. Mimi nilikuwa upande wa dizeli. Nilisema kwa mbwembwe kwamba magari madogo ya dizeli safi bado yana nafasi katika soko la Marekani. Tulishindwa vibaya! Tangu siku hiyo nimesoma zaidi na leo nakubali kushindwa, ingawa si kwa sababu walizozitoa wapinzani wangu.

Wao walisema dizeli ni uchafu, basi. "Angalieni matatu ikipanda mlima!" akasema mmoja wao, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Huo ni ushahidi gani jamani? Marekani ilianza kupunguza salfa katika dizeli ya barabarani mwaka 2006, kutoka sehemu 500 katika kila milioni hadi 15. Sisi Afrika Mashariki tulianza kutumia kiwango cha 50 mwaka 2015. Salfa ikiwa nyingi huharibu mitambo ya kusafishia moshi, kwa hiyo matatu ya zamani na gari jipya la Ohio si wa kulinganishwa.

Isitoshe, injini ya dizeli ina sifa yake. Haina plagi. Hubana hewa mpaka iwe moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakawaka yenyewe. Kwa kubana huko, gari huenda mbali zaidi kwa lita moja kuliko la petroli. Ubaya wake ni masizi na oksidi za nitrojeni, ambazo huumiza mapafu na kuchangia ule ukungu mchafu wa miji kama Los Angeles. Tena ni kizungumkuti: joto kali huunguza masizi vizuri, lakini joto hilohilo ndilo huzaa oksidi. Ukiziba huku, kunavuja kule.

Wamarekani walikuwa wamekwisha kuumwa na nyoka huyu. Kampuni ya General Motors ilileta dizeli ya Oldsmobile kwa magari ya mwaka 1978, wakati watu wakihofia bei ya mafuta. Injini zikaharibika ovyo, na kufikia 1985 zikaachwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ndipo Volkswagen wakaja na wimbo wa "dizeli safi". Gari lao la Jetta TDI likatunukiwa kuwa gari la kijani la mwaka 2009. Watu waliolipenda hawakuwa wajinga. Wengi walidhani wanafanya jambo jema. Kumbe kompyuta ya gari ilikuwa na mwakenya! Ndiyo, mwakenya uleule tunaoujua sisi, ule wa kufichwa kwenye soksi. Gari likipimwa maabara, kompyuta ilitambua kwamba huu ni mtihani, ikasafisha moshi kwa utiifu. Likitoka barabarani, adabu ikaisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia ndio walioyapima magari matatu yakiwa safarini, wakashangaa. Tarehe 18 Septemba 2015 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani likatangaza kwamba magari karibu 482,000 yalihusika, na kwamba yalitoa oksidi hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Duniani kote yalikuwa kama milioni 11. Mwaka 2017 kampuni ikakiri makosa mahakamani.

Hapa ndipo wapinzani wangu walipokosea. Katika yale magari matatu, mawili ya Volkswagen yalianguka, lakini la tatu, la BMW, kwa sehemu kubwa ya safari lilibaki ndani ya kiwango. Kwa hiyo iliwezekana! Ila usafi huo una gharama: mitambo ya ziada, na tangi la maji ya urea. Tena kodi ya serikali kuu ya Marekani ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli na 18.4 kwa petroli, hali nchi nyingi za Ulaya zilitoza dizeli kodi ndogo. Mtu wa kawaida alipe zaidi kwa nini, na Toyota Prius ilikuwa imekwisha kufika kwao tangu 2000?

Mimi naona magari madogo ya dizeli hayatarudi huko. Dizeli imebaki kwenye malori, pikapu na magari makubwa. Hata ikifanywa safi kweli kesho, ni mama gani atakayeamini karatasi ya maabara? Na jambo lililonichekesha ni hili: katika mapatano ya 2016 Volkswagen walitakiwa kutoa dola bilioni 2 kwa ajili ya magari yasiyotoa moshi, na fedha hizo zikaanza kujenga vituo vya kuchaji magari ya umeme. Yaani dizeli imemtengenezea njia mshindani wake!

Wenzangu mlioshinda, nimekubali. Lakini ile hoja ya matatu, naomba mniletee nyingine mdahalo ujao.