Kura ya mkono au ya boksi?

Wiki iliyopita sikuonekana kijiweni, nilikuwa kwetu Kisaka, Serengeti, kumwona shangazi. Nikabeba na ule ubishi wetu: kupiga kura kuna faida gani?

Washikaji wa hapa mjini mmeshakata tamaa, na siwalaumu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wapinzani walisusia, chama tawala kikazoa zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. 2024 wakashiriki, ikawa asilimia 99 tena. Sasa wewe na kichinjio chako unakwenda kumchinja nani?

Ndiyo maana nilifika Kisaka na dawa yangu mfukoni: turudi kwenye ritongo! Ule mkutano wa jadi wa Wakurya, wanaume wanakaa, mwizi wa ng'ombe anasimamishwa, mwenye hoja anasema, linaamuliwa palepale. Hakuna mbunge wala posho. Hata sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inao mkutano mkuu wa kijiji: kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na kauli ya mwisho ni yao. Nikamwaga sera weee, shangazi anapepeta ulezi tu.

"Mura, kwenye hiyo ritongo unayoisifia, mimi nimewahi kusema nini?"

Nikameza mate.

"Na kwenye mkutano wa kijiji nikinyoosha mkono, mzee ananiona, wadogo zake wananiona. Jioni nitalala wapi? Kwenye boksi niko peke yangu na kalamu."

Nikakimbilia Ulaya (ndivyo tunavyofanya wasomi tukibanwa). Nikamwambia Uswisi kuna jimbo, Appenzell Innerrhoden, watu wanapiga kura uwanjani kwa kunyoosha mikono. Kumbe najichongea mwenyewe! Aprili 1990 wanaume wa huko walinyoosha mikono kukataa wanawake wasipige kura, mpaka mahakama kuu ya nchi ilipowalazimisha Novemba mwaka huohuo.

Shangazi alicheka nusura amwage ulezi. "Kumbe na Wazungu wana ritongo!"

Lakini na mimi mbishi. Nikamuuliza, sasa hiyo siri yako, asilimia 99 zikishatangazwa, imekusaidia nini? Akanyamaza muda, anachagua mawe kwenye ungo.

"Kuna mtu nilimkataa," akasema. "Alipita hata hivyo. Kila siku ananisalimia, na hajui."