Tope la Hanang Lisitukute Tumelala



Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka kwa njia ya mto Jorodom na makorongo mengine, vikawaangukia watu wa Gendabi na mji wa Katesh wangali majumbani mwao. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sisi wa Singe hatuwezi kuliita jambo hilo la wenzetu. Mkoa wetu ni mmoja, na waliozikwa ni ndugu zetu.

Wapo waliodhani volkano imeamka. Wataalamu wa Serikali walipima, wakasema hapakuwa na mlipuko. Lakini Hanang ni volkano ya kale, na miamba yake iliyolegea hunywa maji ya mvua. Ikishiba, hukatika ikawa uji mzito wenye nguvu ya kubeba jiwe kubwa kama nyumba. Mlima uliolala, basi, waweza kuua bila kuamka.

Tujifunze pia kwa wengine. Novemba 1985, huko Kolombia, volkano ya Nevado del Ruiz ililipuka ikayeyusha barafu yake, na tope likaufukia mji wa Armero usiku. Watu zaidi ya 20,000 walikufa. Ramani ya kuonyesha hatari ilikwisha chorwa wiki chache kabla. Elimu ilikuwako; kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wananchi, "Ondokeni!"

Nasi hapa Babati tunaishi chini ya Kwaraa, nao ni mlima wa volkano ya kale. Hatusemi kwamba utameguka kesho, wala hatutaki kumtisha mtu. Twasema wazi kwamba korongo ni njia ya maji hata likikauka miaka kumi. Anayejenga humo amejenga njiani, na anayemuuzia mwenzake kiwanja humo akijua, amemuuzia kaburi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, njia za maji zipimwe, ziwekewe alama, na asigawiwe mtu kiwanja ndani yake. Maskini aliyekwisha jenga humo asifukuzwe kama mwizi, bali apewe mahali pengine. Pili, msitu wa mlimani usikatwe, kwa kuwa mizizi ndiyo inayoshika udongo. Tatu, kila balozi ajue nyumba zake zilizo hatarini, na wazee na wagonjwa waliomo. Mvua ikizidi usiku, au mto ukikauka ghafula wakati mvua ingali ikinyesha, awaamshe watu wapande mahali pa juu. Wasingoje barua kutoka ofisini.

Mwanachama wa kweli si yule anayevaa sare siku ya mkutano tu. Ni yule anayegonga mlango wa jirani saa tisa za usiku. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na tuanze sasa, kabla ya masika.