Tarakimu Zisizofichika

Wako wanaodhani kwamba tajiri wa kiwanda, akiisha kupewa mtambo wa kompyuta wa kupimia moshi wake, ataona haya mwenyewe na kufungua mfuko anunue machujio. Nami sioni kwamba binadamu aliumbwa hivyo. Kipimo kinachosomwa na mwenye kiwanda peke yake ni siri nyingine katika siri zake, na fedha ya kuhifadhi hewa na maji aghalabu hutoka pale tu tarakimu inapomponyoka mkononi ikaenda kuonwa na watu asioweza kuwanyamazisha.

Mwaka 2006 Ma Jun, aliyekuwa mwandishi wa habari, aliasisi mjini Beijing taasisi ya kukusanya kumbukumbu za serikali, zilizokuwa zimetawanyika huku na huko, juu ya viwanda vichafuzi, akazitia katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Na baada ya Januari 2014, serikali ya China ilipoviamuru viwanda vipatavyo 15,000 kutangaza papo hapo uchafu vinavyoutoa, ramani hiyo ikaingia katika simu, hata mkazi akaweza kugusa alama ya dohani inayomkohoza na kusoma kilichotoka humo. Hata hivyo, walioogopwa zaidi na wenye viwanda ni wanunuzi wa ng'ambo, wenye majina makubwa ya nguo na simu, ambao hawakutaka bidhaa zao zinasibishwe na mto uliokufa. Tajiri aliyepuuza faini, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko mtambo wa kusafishia majitaka, hakuthubutu kupuuza barua ya mnunuzi.

Lakini hila nazo hazikosi. Mjini Xi'an, huko huko China, mwaka 2016, maofisa wa mazingira, naam, wao wenyewe, walichongesha ufunguo kwa siri, wakaingia katika kituo cha kupimia hewa na kuiziba ala kwa nyuzi za pamba ili isome hewa safi. Mwaka uliofuata mahakama ikawatia hatiani. Na watafiti waliolinganisha vipimo vya dohani za makaa ya mawe nchini humo na picha za satelaiti waligundua mwaka 2018 kwamba katika mikoa yenye sheria kali zaidi, viwanda vilidai salfa imepungua mno, ilhali satelaiti hazikuuona upungufu wa kadiri hiyo.

Hapa kwetu Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu haikufichuliwa na ala yoyote: ilionekana katika damu ya mtoto wa Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lau sehemu ndogo ya fedha hiyo ingalitumika mapema kununua machujio! Leseni ya kiwanda chochote cha namna hiyo katika pwani hii yafaa iwe na sharti kwamba tarakimu za dohani ziende moja kwa moja kwa umma, zisipitie kwanza mezani kwa mwenye mali, na kwamba ufunguo wa chumba cha ala usikae kwa yule anayepimwa wala kwa ofisa anayesifiwa kwa hewa safi.