Mji Mdogo Usidharauliwe

Wako watu wadhanio kwamba historia hukaa katika miji mikubwa tu, kama London na Paris, na kwamba mji mdogo hauna la kumfundisha mtu. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Ushahidi wangu ni Kuldīga, mji wa nchi ya Latvia, kaskazini mwa Ulaya, wenye watu wapatao 10,000 tu.

Kuldīga umejengwa kando ya mto Venta. Maporomoko ya mto huo hapo mjini yana kimo cha mita 2 hivi, lakini upana wake ni mita 249, nayo yahesabiwa kuwa mapana kuliko yote ya Ulaya. Majira ya kuchipua, samaki waitwao vimba huyaruka wakipanda mto kwenda kutaga mayai. Karibu yake lipo daraja la matofali, lenye urefu wa mita 164, lililojengwa mwaka 1874. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sehemu yake ilivunjwa kwa baruti. Daraja halikuachwa likawa gofu. Lilitengenezwa mwaka 1926, na hata leo lapitwa.

Nyumba zake za kale za mbao, zenye mapaa ya vigae vyekundu, nazo zatunzwa vivyo hivyo. Mafundi hurekebisha milango na madirisha ya zamani badala ya kuyatupa. Mtu aweza kusema kwamba kazi hiyo ni gharama bure, na heri kubomoa na kujenga upya. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2023 mji huo mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile yenye Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja.

Hata hivyo, kutunza nyumba hakutoshi. Yapasa kutunza ukweli pia. Jacob Kettler, mtawala wa dola ndogo ya Courland, alizaliwa Kuldīga mwaka 1610. Mwaka 1651 watu wake walijenga ngome katika kisiwa cha mto Gambia, huku kwetu Afrika. Waingereza waliitwaa mwaka 1661, na kisiwa kile kikawa kituo cha biashara ya watumwa. Leo chaitwa Kunta Kinteh, nacho pia ni Urithi wa Dunia. Tena, mwaka 1941, Wajerumani walipoiteka Latvia, Wayahudi wa Kuldīga waliuawa, na baadhi ya Walatvia walishiriki katika uovu huo. Sinagogi lao sasa ni maktaba. Asomaye humo yafaa ajue waliojenga kuta zile walipatwa na nini.

Basi, wanafunzi wenzangu, mji hauheshimiwi kwa ukubwa wake. Huheshimiwa kwa watu wanaotengeneza kilichovunjika na kusimulia yaliyopita bila kuficha ya aibu. Nanyi wazazi wetu, tunapowauliza habari za kale za miji na vijiji vyetu, tafadhali mtueleze zote, tamu na chungu. Nusu ya historia haimfunzi mtu.