Oili nzito si lazima iwe oili nzuri

Leo tuweke kompyuta kando kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini stima ikipotea hakuna programu inayoandikwa, kwa hivyo jenereta nayo ni kifaa changu cha kazi. Na kuna imani moja madukani ambayo siikubali: ati oili nzito ndiyo nzuri, na iliyo ghali ni nzuri zaidi.

Injini ndogo inayopozwa kwa hewa haina redieta. Joto linatokea kwenye mapezi ya silinda, na oili inabeba sehemu yake. Chukua Honda GX160, inayoendesha pampu na jenereta nyingi. Haina pampu ya oili wala filta. Kuna kijiko kidogo chini ya konrodi kinachorusha oili juu, basi. Oili nzito kupita kiasi, asubuhi ya baridi kule Limuru, itachelewa kufika. Na uchafu wote unabaki humo ndani mpaka uumwage.

Sasa soma mkebe. Kwenye SAE 10W-30, W ni ya majira ya baridi: nambari ya kwanza inahusu wepesi wa oili ikiwa baridi, ya pili unene wake ikifika joto la nyuzi 100. Honda wanapendekeza 10W-30 kwa GX160. Briggs & Stratton nao wanaonya kwamba, joto la nje likizidi nyuzi 27, 10W-30 inaweza kuliwa zaidi na injini zao; penye joto wanataja SAE 30. Injini mbili zinafanana kwa macho, vitabu viwili tofauti. Fundi akikwambia "hizi zote ni moja", mwombe kitabu.

Herufi za API ni kama vasheni za programu. SJ, SL, SM, SN: kila moja mpya kuliko iliyotangulia, na kwa kawaida mpya inafanya kazi ya ile ya zamani.

Lakini hapo ndipo mwenye bodaboda anapoumia. Klachi ya pikipiki nyingi inaoga katika oili ile ile ya injini. Oili ya gari yenye maandishi "Resource Conserving" imetengenezwa ipunguze msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Matokeo? Injini inanguruma, pikipiki haipandi mlima, na siku ya kazi imeisha. Tafuta alama ya JASO MA au MA2. Wajapani waliweka kiwango hicho mwaka 1998 kwa sababu hiyo hasa. MB iache, hiyo ni ya skuta zenye klachi kavu. Jenereta haina klachi ya namna hiyo, kwa hivyo oili ya gari ya unene unaofaa inatosha kabisa, hakuna haja ya kulipia MA.

Ningekuwa na pesa za ziada, nisingenunua sintetiki. Ningebadilisha mapema. GX160 inabeba takriban lita 0.6 tu. Kitabu kinasema saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi 6. Ukiwasha saa 5 kila jioni, hizo saa 100 ni siku 20.