NIA PEKE YAKE SI NJIA
Neno juu ya vijana wa Kasulo na vyuo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako, nipate kusema na wanachama wenzangu juu ya jambo liniumalo moyo. Katika mkutano wetu uliopita ndugu mmoja alisimama akasema ya kuwa vijana wa Kasulo na wa milima ya Ngara hawafiki vyuoni kwa sababu ni wavivu, maana penye nia pana njia. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza sababu.

Methali hiyo ni njema, lakini haikutungwa iwe kisingizio cha watu waliokwisha kupita. Na tuitazame hiyo njia yenyewe. Uuguzi wafundishwa Murgwanza, humu humu wilayani, na tena Rubya na Ndolage katika wilaya ya Muleba. Ualimu upo Katoke. Ufundi upo katika chuo cha VETA cha mkoa, upande wa Bukoba. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Bukoba, nacho chamfaa sana karani mwenye mshahara kama sisi. Basi vyuo vipo. Asemaye kwamba havipo akosa. Lakini asemaye kwamba kwa kuwa vipo basi vyafikika, huyo akosa zaidi.

Kufuli ya kwanza ni masomo. Uuguzi wataka mtu awe amefaulu Kemia, Bayolojia na Fizikia. Mtoto aliyeiacha Fizikia alipoingia Kidato cha Tatu, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha wala mtu wa kumwonya, alijifungia mlango wa Murgwanza miaka miwili kabla ya kuubisha. Je, huo ni uvivu? Hakuambiwa.

Kufuli ya pili ni fedha. Tusiwe wachache wa shukrani: tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hata Kidato cha Nne, na tangu mwaka 2022 hata Kidato cha Sita. Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwakopesha wa vyuo vikuu, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 ikaanza kuwakopesha na wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Lakini mpango huo haukumgusa wa astashahada, naye ndiye mtoto wa mkulima wa migomba aliyepata alama za wastani, ambaye cheti kidogo kingempa kazi na kuwalea wadogo zake. Mwenye alama nyingi akopeshwa, na mwenye alama chache aambiwa akauze shamba la babaye.

Namjua binti mmoja, jirani yangu, aliyepata nafasi ya astashahada. Barua ilimfikia zikiwa zimesalia siku tisa, ikitaka ada ya muhula, sare, godoro na nauli. Baba yake aliuza mbuzi wawili, na fedha hazikutosha. Binti yule sasa auza ndizi kandokando ya barabara ya Rusumo, na kila lori lipitapo humfunika vumbi. Nia alikuwa nayo. Mwenye kumwita mvivu na aje amwambie mbele yangu.

Kufuli ya tatu ni habari, nayo ndiyo ituhusuyo sisi. Fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo hujazwa mtoto angali shuleni, na baada ya matokeo kuna muda wa kubadili machaguo kwa njia ya mtandao. Mtoto wa mjini huketi na mjomba wake karani, wakajaza pamoja. Mtoto wa mlimani hujaza jina la chuo alilolisikia redioni.

Ndugu zangu, Kasulo si mahali pasipofikika. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda, na kambi ya Benaco ikasimama hapa kwetu. Malori ya unga, mahema na dawa yaliiona njia upesi. Ikiwa dunia nzima iliweza kufika hapa kwa ajili ya wageni wenye shida, na ilikuwa haki kufika, je, karani mmoja mwenye pikipiki hawezi kuifikia shule ya kata?

Na wakati haungoji. Hapo Rusumo maporomoko yamejengewa mtambo wa umeme wa megawati 80, wa nchi tatu kwa pamoja. Juu ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, Serikali ilitia saini mkataba Januari 2021. Mafundi watatakiwa. Tusipowatoa sisi watatoka mbali, nao wana wetu watawafagilia ofisi zao.

Watangulizi wetu katika kazi hii ya kalamu walikwenda Makerere, Uganda, kwa sababu Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata mwaka 1961. Nia walikuwa nayo; lakini pia palikuwa na mwalimu aliyewaandikia barua na mtu aliyewalipia nauli. Sisi tuliolipiwa tumesahau upesi mno.

Basi naleta mambo matatu, yapigiwe kura. Mosi, kila mwanachama achukue shule moja, aizuru mara mbili kwa mwaka: kabla ya Kidato cha Tatu kuchagua masomo, na kabla ya fomu kujazwa. Pili, nusu ya fedha za karamu yetu ya mwisho wa mwaka iwe akiba ya nauli na ada ya kwanza kwa wa astashahada. Tatu, chama kiandike barua kwa Bodi, kwa adabu lakini bila kigugumizi, kuomba astashahada nayo ikopeshwe.

Atakayepinga na apinge kwa hoja. Lakini asituletee tena ile methali, mpaka kwanza ametengeneza hata hatua kumi za hiyo njia.

Wasalaam.

Ni mimi, karani mwenzenu,
Kasulo