Barua 48 nitazitoa wapi?

Apu yangu ya redio imerudishwa mara tatu na duka moja la apu. Jibu ni lilelile: lete ithibati kwamba kila stesheni imekuruhusu. Apu ina stesheni 48. Piga hesabu mwenyewe.

Wasee, sijaiba wimbo wa mtu. Apu hairekodi chochote wala haibandiki matangazo yangu. Inafungua tu linki ambayo stesheni yenyewe imeianika kwenye tovuti yake. Binamu yangu ni soja huko Doha. Zamu ya usiku akitaka kusikia Kimeru, anabonyeza mara moja, basi. Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unamla kama megabaiti 29 kwa saa. La sivyo apakue apu ya kila stesheni, na simu yake imejaa picha za watoto.

Sijifanyi malaika. Miongozo ya Apple, kwa mfano, iko wazi: ukitumia maudhui ya huduma ya mwingine, uwe na idhini na uionyeshe ukiulizwa. Kule Uingereza, Warner na Sony waliishtaki TuneIn, inayokusanya redio za dunia nzima. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019, na ile ya Rufaa ikakubali sehemu kubwa ya uamuzi huo 2021, kwamba kuwafungulia Waingereza stesheni za nje zisizo na leseni ya muziki huko ni kukiuka hakimiliki. Msanii naye lazima ale. Hapo sibishani.

Lakini TuneIn ina mawakili. Mimi nina laptopu yenye kioo kilichopasuka, na baruapepe 48 nilizotuma tangu Januari. Zilizojibiwa ni mbili. Mmoja aliniuliza kama natafuta kazi ya utangazaji (ati!). Mwingine akasema watanijulisha.

Kwa hivyo duka silikasirikii sana. Noma ni stesheni. Kila asubuhi mtangazaji anatubembeleza tumsikilize popote tulipo, ila hakuna anayeandika sentensi moja kwenye tovuti: apu za nje ruksa kuunganisha mkondo huu, au marufuku. Wakisema marufuku, nitawatoa siku hiyohiyo. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Jumatatu napanda matatu hadi tao na barua zangu, kila moja na nafasi ya sahihi na muhuri. Naanza na zile za Kimeru.